Miaka Mitano Niliyoongezewa

Makambako,
12 Februari 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo, na kamwene. Sisi huku hatujambo kiasi. Mwanao Dionis anakusalimia. Vumbi la mbao linamkohoza lakini kazini anakwenda. Vipi mgongo wako? Na yale maparachichi uliyosema yanadondoka kabla ya kukomaa, yameacha?

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu kabisa, mama, na ninachosema mimi huku kinasikika mpaka kwa Dorosela jirani yako. Hili sitaki Dorosela alisikie. Nimempa Elieza, maana lori lake linakuja huko kubeba viazi kila wiki, na yeye si mtu wa kufungua bahasha za watu.

Ni mjukuu wako Angela, mama. Unajua Aprili ndiyo anatimiza miaka minane. Jumapili nikimwogesha tujiandae kwa misa, nikaona kifua kimeanza kuota. Nilidhani ni unene, lakini si unene, na anasema panamuuma akivaa sweta. Jasho lake siku hizi linanuka la mtu mzima. Viatu nilivyomnunulia Januari vimeshambana. Yuko darasa la pili, ila akisimama mstarini unadhani ni wa darasa la tano.

Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na sita, na dada zangu hivyohivyo. Kwetu nilikozaliwa hakuna kitu kama hiki. Nilipomwambia Dionis aliacha ugali akatoka nje, na tangu hapo anamwangalia mtoto kama mgonjwa.

Wewe umefunda mabinti wa parokia nzima, kina mama wenzio wa WAWATA wanakuletea. Uliwahi kuona mtoto wa hivi? Nifanye nini? Naogopa sana, nakwambia ukweli.

Mwanao,
Lidia


Njombe,
27 Februari 2023

Mwanangu Lidia,

Marahaba, kamwene. Mgongo ni uleule, unanipa salamu kila ninapoinama. Maparachichi yameacha kudondoka, sasa yanaibiwa. Dorosela hajambo na anaulizia kwa nini siku hizi hunipigii, nimemwambia vocha imekuishia.

Barua nimeisoma, nikaisoma tena, kisha nimeichoma jikoni. Na wewe hii uichome.

Acha kumlisha mtoto kuku wa kisasa na chipsi za stendi. Mpe ugali wa dona, maharage na mboga za majani, kama baba yake alivyokula akakua vizuri. Mshonee kishimizi kizito cha pamba avae ndani ya shati, si cha kumbana, cha kumfunika tu. Asioge mbele ya watu. Asicheze mbali na nyumbani. Usimwambie mama yako, usimwambie wifi yako Flora. Na hospitali usiende, mwanangu. Wale wanauliza maswali, na swali likishatoka mdomoni mwa mtu wa serikali halirudi tena.

Umeniuliza kama niliwahi kuona. Sijawahi. Flora wangu alichelewa mpaka nikawa namtafutia dawa kwa siri.

Mwambie Angela kwamba bibi yake anasema hajafanya kosa lolote. Mwambie mara mbili, ya kwanza hataiamini.

Mama yako,
Oktavia


Makambako,
3 Mei 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi si wazima.

Jumanne ya wiki iliyopita Angela alitoka damu darasani. Alikuwa ubaoni anafanya hesabu, watoto wakaona sketi. Mwalimu wake hakunipigia mimi kwanza. Alimfunga kanga kiunoni akampeleka moja kwa moja polisi, dawati la jinsia. Simlaumu sana, mtoto wa miaka minane akitoka damu mtu anawaza kitu kimoja tu. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi na begi lake mapajani, ananiuliza kama atakufa.

Tulipewa fomu ya polisi, PF3, tukaenda kupimwa. Daktari wa pale alisema haoni dalili kwamba mtoto ameguswa na mtu. Lakini akaandika kwamba mwili wake umekomaa kuliko umri, sababu haijulikani. Hayo maneno mawili ya mwisho, mama, ndiyo yametumaliza.

Mpelelezi akaniuliza asubuhi mtoto anabaki na nani. Unajua mimi saa kumi na moja alfajiri niko sokoni kupokea mboga. Nikasema anabaki na baba yake. Nani anamchemshia maji? Baba yake. Nani anamwogesha? Baba yake. Akaniuliza, umewahi kumtilia shaka? Nikanyamaza. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana. Sijui nilikuwa nawaza nini, nilikuwa naiona ile sketi tu. Yule mpelelezi akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Dionis yuko mahabusu, leo siku ya saba. Nilimpelekea chakula, akakipokea, hakuniangalia.

Mwanao,
Lidia


Njombe,
7 Mei 2023

Lidia,

Salamu utazipata siku nyingine.

Ulinyamaza. Mwanaume amekuoa kanisani, anaamka kumchemshia mwanao maji wakati wenzake wamelala, anamsuka nywele kwa mikono iliyojaa vibanzi vya mbao, halafu unaulizwa na mtu usiyemjua, unanyamaza. Kwetu mwanamke anayemjua mumewe hanyamazi.

Kesho urudi ukaseme. Waambie Dionis hajamgusa mtoto. Mimi najua hajamgusa, na usiniulize najuaje.

Mama Dionis


Makambako,
18 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko haijakuumiza sana. Huku ukungu unashinda mpaka saa nne.

Nilirudi polisi siku ileile niliyoipata barua yako. Nilisema yote uliyoniambia, na mengine yangu. Walinisikiliza, wakasema mke akibadili maneno wanajua ametumwa na ukoo. Baada ya siku chache walimpa dhamana, lakini jalada liko wazi na ameambiwa asikae nyumba moja na mtoto. Analala kwa rafiki yake Geofrey. Kiwandani kwa mbao wamemwambia apumzike. Dukani akiingia watu wanawaita watoto wao ndani, nimeona kwa macho yangu. Angela anauliza baba amemkosea nani.

Sasa nisikilize vizuri, mama. Tumepewa rufaa, tukaenda hospitali kubwa, tukamkuta daktari bingwa wa watoto, mama mmoja mpole. Alimpiga Angela picha ya mkono. Akasema mifupa ni ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Kichwani wamepiga picha pia, hakuna uvimbe. Na akasema jambo ambalo ningelisikia mapema ningekuwa mtu mwingine: mtoto kuguswa hakumvunjishi ungo. Mwili haufanyi kazi hivyo.

Nikamuuliza basi ni nini. Akanichorea kwenye karatasi. Alisema kuna kitu mtoto anarithi, kinafanya kazi ya breki, kinauzuia mwili usianze utu uzima kabla ya wakati. Anakirithi kwa baba na kwa mama, ila kinachofanya kazi ni kile cha baba; cha mama kimelala. Kama kile cha baba kina hitilafu, mtoto anabaki bila breki. Na baba mwenyewe anaweza asionyeshe dalili yoyote, kama hitilafu aliitoa kwa mama yake, maana kwake yeye ilikuwa imelala. Inaamka kwa watoto wake.

Nikasema basi tupime. Akasema kipimo hicho hapa hakipo, njia yao ni kuuliza ukoo. Ndipo aliponiuliza: mama mzazi wa baba wa mtoto huyu alivunja ungo akiwa na miaka mingapi? Akasema kama ni mapema, ataandika ripoti kwamba hili ni la ukoo, na mpelelezi amemuahidi kwamba ripoti ya namna hiyo inatosha kulifunga jalada.

Mama, uliniandikia unajua, na nisikuulize unajuaje. Nisamehe, nakuuliza. Ulikuwa na miaka mingapi? Dionis anasubiri jibu lako, kila jioni ananitumia ujumbe kuuliza kama Elieza amefika.

Mwanao,
Lidia


Njombe,
2 Julai 2023

Mwanangu Lidia,

Kamwene. Mimi sijambo kidogo, jino linanisumbua.

Maswali haya hayaulizwi mtu wa umri wangu, lakini kwa ajili ya mwanangu nakujibu. Nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na minne, kama wenzangu. Ilikuwa mwaka 1967, nikiwa tayari bwenini kwa masista. Nimekuwekea kivuli cha cheti changu cha ubatizo, soma mwenyewe: Oktavia, kuzaliwa 1953. Mwonyeshe daktari. Ukoo wetu ni safi.

Nilipokuandikia kwamba najua, nilimaanisha namjua niliyemzaa. Basi.

Huyo daktari atafute sababu nyingine, amesoma, hatakosa. Hakimu wa kweli ni Mungu na Dionis hana la kuogopa. Nimemwombea misa.

Mama yako,
Oktavia


Makambako,
30 Julai 2023

Mama,

Shikamoo. Pole na jino.

Cheti nilimwonyesha daktari. Alikitazama muda mrefu, akasema basi, kwa upande wa baba hakuna. Akaandika hivyo hivyo, historia ya ukoo hakuna. Mpelelezi amechukua ripoti na kusema uchunguzi unaendelea. Angela ameanzishiwa sindano za kuusimamisha mwili, kila mwezi tunakwenda. Daktari anasema bila hizo atakoma kurefuka akiwa bado mtoto.

Jibu lako Dionis alilisoma akiwa amesimama mlangoni kwa Geofrey. Alikuwa amenyoa ndevu siku hiyo, mama, alijua ni siku ya habari njema. Alisoma, akanirudishia, akasema kama mama yangu anasema hakuna, basi hakuna. Halafu akaniuliza, sasa na wewe unadhani ni mimi? Nikamwambia hapana. Nilisema haraka sana safari hii. Akatabasamu kidogo, akasema umechelewa lakini ahsante.

Jumatatu ameondoka na Geofrey kwenda upande wa Matamba kukata miti. Anasema huko hakuna anayemjua. Amekuachia salamu. Ameniambia nisikulaumu kwa kuwa huna jibu.

Mwanao,
Lidia


Njombe,
24 Septemba 2023

Mwanangu Lidia,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita hivyo. Jana zilitimia siku arobaini tangu tumzike Dionis. Hukuja kwenye misa ya arobaini na sikushangaa. Siku ya mazishi wanaukoo walikuweka nyuma pamoja na wapita njia, na mimi niliona, nikawaacha.

Geofrey alikuja kunieleza. Anasema mti ulipoanza kuanguka walipiga kelele wote, na Dionis aliusikia, kwa sababu aligeuka akautazama. Hakusogea. Geofrey anasema labda miguu iliganda kwa baridi. Alikuwa ananionea huruma.

Nina jambo la kukwambia. Nimelianza mara nyingi tangu Mei na kila mara nikaichoma karatasi.

Sikuzaliwa 1953. Nilizaliwa 1958.

Nilikuwa na miaka minane nilipoota kifua, na tisa nilipotoka damu. Nilikuwa shambani napalilia ngano na mama. Watu walipojua, wakasema kuna mtu ameniharibu. Wakamtafuta wa kumbebesha, wakampata baba yangu mdogo, Steven, kwa sababu alikuwa hajaoa na alinipenda. Aligema ulanzi kwenye mianzi yake, na kila asubuhi alinionjesha ule mtamu kabla haujachacha. Hilo tu. Wazee waliniuliza mbele yake, ni huyu? Nikanyamaza. Sikuelewa swali, Lidia. Nilidhani wananiuliza kama ni yeye anayenipa ulanzi, na mama alikuwa amenikataza kuunywa. Walimpiga mpaka akashindwa kusimama wima, wakaikata mianzi yake yote. Alichukua njia ya Wanging'ombe na hatukumwona tena.

Baba akanipeleka misheni. Sista aliyenipokea alinitazama, akasema mtoto huyu akiandikwa miaka tisa watu hawatamwacha. Siku ya ubatizo akaniongezea mitano. Alifanya kwa huruma, na mimi nilimbusu mkono. Kuanzia siku hiyo nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne kama wengine, na hakuna aliyeuliza tena. Ila na miaka mitano ya utoto wangu ikaenda. Anthony alinioa 1971. Cheti kinasema nilikuwa na kumi na minane. Nilikuwa na kumi na mitatu. Mimba tatu za kwanza hazikukaa, watu wakasema nimerogwa, kumbe mwili ulionekana mkubwa na ulikuwa wa mtoto. Wa nne ndiye Dionis.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Zamani padre mmoja alitufundisha kwamba msichana asiyefika miaka kumi na minne ndoa yake haishiki. Niliibeba hiyo miaka hamsini. Nikawaza, nikisema umri wangu, basi Anthony hakuwa mume wangu, na Dionis na Flora ni watoto wa nje, na mimi ninayewafunda mabinti wa watu nimeishi bila ndoa. Na Flora alipochelewa nilishukuru Mungu, nikasema kumbe kile kitu kimeishia kwangu. Daktari wako amekieleza vizuri: kwa Dionis na Flora kilikuwa kimelala tu. Yule mama alinijua bila kuniona. Ulipoandika swali lake nilikwenda kabatini, nikatoa cheti, nikakutumia kivuli chake.

Wiki iliyopita nimekwenda kwa padre. Nilikwenda na Telesia, binti wa mjomba, niliyezaliwa naye mwezi mmoja. Yeye kitabu kinasema 1958 na wazee wote wanajua tulinyonya pamoja. Padre alifungua kile kitabu kikubwa, akasema cha zamani hakifutwi, kinaandikwa pembeni. Akaandika pembeni, akasaini, akanipa cheti kipya. Nikamuuliza kuhusu ndoa. Akasema, mama, mzee Anthony ameshafariki, hakuna anayeiuliza ndoa hiyo, na watoto wako ni watoto wa ndoa mbele ya Kanisa, ulikuwa na hofu ya nini? Ilimchukua dakika mbili kunijibu. Kulikuwa na padre hapo Julai. Ni yule yule, na nyumba yake ni ile ile ninayopita kila siku kwenda kuchota maji.

Mei nilikutukana kwa kunyamaza. Wewe ulinyamaza mara moja na ukarudi kusema. Mimi nimenyamaza mara mbili, na mara ya pili swali nililielewa.

Cheti kipya nimekiweka humu. Kipeleke unapoona panafaa. Nina miaka sitini na mitano, Lidia. Nimezika mtoto, na cheti hiki sina tena wa kumwonyesha.

Mwambie Angela, kama utaweza, kwamba bibi yake alikuwa hivyohivyo.

Oktavia


Makambako,
15 Oktoba 2023

Mama Flora,

Barua nimeipata. Elieza aliileta ameifunga kwenye nailoni kwa sababu ya mvua.

Angela anaendelea na sindano. Shule nimemhamisha, lakini habari ilitangulia kabla yake. Anakaa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu. Mwezi wa sita aliwahi kuniuliza kama duniani kuna mtu mwingine aliyekuwa kama yeye, nikamwambia nitauliza. Julai nikamwambia nimeuliza, hakuna. Juzi nimemwambia yupo. Akaniuliza ni nani, nikamwambia. Akauliza tena, baba alikuwa anajua? Nikamwambia hapana. Hajauliza kitu kingine, na habari za kuja huko likizo amekataa mwenyewe. Sikumfundisha.

Polisi wamelifunga jalada. Walinipa karatasi yenye jina la Dionis na mhuri. Nimeiweka pamoja na picha ya ndoa.

Cheti chako nilikipeleka kwa daktari. Nilimpa na barua pia, aisome, maana sikuweza kuieleza kwa mdomo. Alisoma yote polepole. Alipomaliza akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Nikamuuliza jambo moja tu: ningekileta hiki Julai, kingetosha?

Akasema kingetosha.

Lidia